Dhahabu ya Bi Harusi na Kifua cha Mchimbaji



Mfungo mosi ukiingia tu, masonara hawapumziki. Huyu anauliza bangili za karati 21, yule anataka seti ya karati 22 yenye vipuli, mkufu na pete, na mama mkwe naye ana lake. Si vibaya. Dini yetu imetuhalalishia sisi wanawake dhahabu, na wanaume wetu wakaharamishiwa kuivaa. Lakini wanaoichimba wengi wao ni wanaume, na leo nataka tuzungumze juu ya vifua vyao. Nataka tuone Mwenyezi Mungu amekiwekea kifua cha binadamu walinzi gani, hao walinzi waligunduliwa vipi, na kwa nini vumbi la jiwe la dhahabu huwashinda.

Kisa chetu kiko bara, Shinyanga na Geita. Msiseme ni mbali. Mpemba mwenye duka hakosekani Kahama, na mabinti wa visiwani wanaolewa huko kila mwaka.

Dhahabu ya ukanda ule wa Ziwa Viktoria ilijulikana kwa wageni tangu wakati wa Mjerumani. Geita yenyewe inatajwa mwaka 1898. Mjerumani hakuwahi kuichimba Geita kwa maana ya kuichimba, aliishia zaidi Sekenke, upande wa Singida. Vita Kuu ya Kwanza ilipombana, akakosa sarafu kutoka kwao, dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora na mwaka 1916 ikapigwa sarafu za rupia 15, upande mmoja tai, upande mwingine tembo. Leo sarafu hizo zinatafutwa na wakusanyaji duniani kote. Mwingereza alipochukua nchi, mgodi wa Geita ukafunguliwa katika miaka ya 1930, ukachimbwa chini kwa chini hadi ukafungwa mwaka 1966.

Shinyanga nayo ikapata jina kwa almasi. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aliigundua Mwadui. Mabibi harusi, hii ni yenu: mwaka 1947, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alipoolewa, Williamson alimpa zawadi ya almasi ya rangi ya waridi kutoka Mwadui. Ilikuwa na karati 54.5 kabla ya kukatwa, ikabaki 23.6. Baadaye ilitiwa katikati ya ua la bruchi, naye akalivaa maisha yake yote. Nimewahi kusikia watu wakilisifia bruchi lile bila kujua kwamba jiwe lake limetoka Shinyanga yetu.

Katika miaka ya 1980 na 1990 serikali ilipolegeza masharti ya biashara ya madini, wachimbaji wadogo walimiminika kwa maelfu. Vijiji kama Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu vikawa miji ya mabati na maturubali. Kisha yakaja makampuni makubwa: mgodi mpya wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu wa Kahama mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa kamili.

Sasa tuingie kwenye jiwe lenyewe. Dhahabu ya huko haiokotwi kama kokoto. Imejificha ndani ya mwamba mgumu, mara nyingi ndani ya jiwe jeupe linalong'aa liitwalo kwatsi. Katika tani nzima ya mwamba unaweza kupata gramu chache tu. Kwa hiyo mtu anashuka kwenye duara, anavunja mwamba kwa nyundo na tindo au kwa baruti, mawe yanapandishwa juu, yanapondwa vipande vidogo, halafu yanaingizwa kwenye karasha yasagwe yawe kama unga wa sembe. Kila hatua hapo inatoa vumbi. Na vumbi la kwatsi ni silika, yaani jambo lile lile linalotengeneza kioo.

Kabla ya kusema silika inafanya nini, tuwajue walinzi.

Mlinzi wa kwanza ni pua. Vinywele vya puani vinashika takataka kubwa, na kamasi inanasa zilizobaki. Ndiyo maana ukishinda kwenye vumbi kamasi inatoka nyeusi. Anayepumua kwa mdomo, kama afanyavyo mtu anayebeba mzigo mzito au anayepiga nyundo, amempita mlinzi huyu bila hata kumsalimu. Sisi tumefundishwa kupandisha maji puani katika udhu, na kila anayetoka kwenye vumbi kisha akatia udhu anaona mwenyewe kinachotoka. Chafya nayo ni kazi ya pua kujisafisha kwa nguvu. Mtume wetu (S.A.W.) alipopiga chafya alikuwa akiziba uso kwa mkono au kwa nguo yake na kuishusha sauti, na akatufundisha kumshukuru Allah baada yake. Dunia ilipoingia kwenye korona mwaka 2020, watu wakafundishwa kuziba chafya kana kwamba ni jambo jipya.

Mlinzi wa pili yuko kwenye njia za hewa. Ndani yake zimetandazwa nywele ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na juu yake utelezi wa makohozi. Nywele hizo zinapepea usiku na mchana, zote kuelekea juu, zikiusukuma utelezi pamoja na vumbi lililonasa hadi kooni. Hapo tunameza au tunatema. Kikohozi ni msaada pale mzigo unapokuwa mkubwa. Moshi ni adui wa nywele hizi: sigara inazilemaza, na moshi wa kuni unazichosha. Na kwa kuwa niko hapa, niseme jambo ambalo makungwi hawatalipenda: udi nao ni moshi. Kumfukiza mwari ndani ya chumba kilichofungwa madirisha mpaka anatokwa na machozi si uzuri wala si ibada. Fungueni dirisha, harufu itabaki tu kwenye nguo.

Mlinzi wa tatu ndiye mwenye historia ndefu, kwa sababu haonekani bila darubini.

Mwanachuoni wetu Ibn al-Nafis, aliyezaliwa upande wa Damascus na kufanya kazi Cairo, aliandika katika karne ya 13 kwamba damu inatoka upande wa kulia wa moyo, inapita mapafuni, inakutana na hewa huko, ndipo inarudi upande wa kushoto. Alikuwa akiifafanua kazi ya Ibn Sina, na hakuogopa kumpinga pale alipoona amekosea. Maandishi yake yalisahauliwa kwa karne nyingi, mpaka daktari Mmisri aliyekuwa akisoma Ujerumani alipoyakuta maktabani Berlin mwaka 1924. Ninapenda kisa hiki kwa sababu watoto wetu skuli wanafundishwa majina ya Wazungu tu.

Hapo damu inapokutana na hewa ndipo penye vifuko vya hewa. Ni mamia ya mamilioni, kila kimoja ni kidogo kuliko punje ya uwele, na ukuta wake ni mwembamba kupita hariri yoyote niliyowahi kuishona. Ukivitandaza vyote unapata eneo la nyumba nzuri ya vyumba kadhaa. Huku chini hakuna nywele za kupepea wala utelezi wa kusukuma. Vumbi likifika hapa, nani analitoa?

Jibu lilipatikana kwa mtu ambaye harusi yake ilikuwa ya huzuni. Ilya Metchnikoff, mwanasayansi aliyezaliwa Ukraine, alimwoa Ludmila mwaka 1869. Bi harusi alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Siku ya ndoa alikosa pumzi za kutembea, akabebwa juu ya kiti kupelekwa kanisani. Mumewe alimhangaikia miaka minne, akamsafirisha mpaka kisiwa cha Madeira kutafuta hewa nzuri. Akafariki huko mwaka 1873.

Miaka 9 baadaye, mwaka 1882, Metchnikoff alikuwa Messina, Sicily, na mke wa pili pamoja na wadogo wa mkewe. Siku moja familia nzima ilikwenda kuangalia sarakasi, yeye akabaki na darubini yake. Alikuwa akitazama watoto wa kiti cha pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota tunaowaona maji yakitoka. Wakiwa wadogo miili yao ni kama kioo, unaona mpaka ndani. Akachukua miiba ya mwaridi bustanini, akawachoma nayo, akalala usiku mzima bila usingizi. Asubuhi akakuta seli zinazotembea zimeuzunguka mwiba kila upande, kama siafu wanavyozunguka mdudu, zikijaribu kuumeza. Akaelewa kuwa hata sisi, mwiba ukitupata na kidole kikavimba na kutunga usaha, ni jeshi limefika. Seli nyeupe za damu zinakula wavamizi. Mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, Mjerumani.

Seli hizi ni chache ukilinganisha na nyekundu. Tone dogo la milimita moja ya ujazo lina nyekundu karibu milioni 5 na nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 tu. Zimegawana kazi. Ziko zinazokimbilia kidonda kwa haraka na kufa hapo hapo, ndizo zinazofanya usaha. Ziko zinazomkumbuka adui aliyewahi kuja, na chanjo zinategemea kumbukumbu hiyo. Na ziko zile kubwa, walaji, ambazo baadhi yake zimewekwa zamu ndani ya vifuko vya hewa, zinatembea huku na huku zikimeza kila kitu kigeni. Kijidudu kikimezwa, kinamwagiwa kemikali kali ndani ya tumbo la seli na kusagwa. Kazi imekwisha.

Mwaka huo huo wa 1882, tarehe 24 Machi, Robert Koch alitangaza Berlin kwamba amemwona mdudu wa kifua kikuu. Koch huyu alifika kwetu pia. Mwaka 1906 alikuja Mwanza na kuendelea visiwa vya Sese upande wa Uganda, kuchunguza ugonjwa wa malale. Kwa hiyo mtu aliyemfichua mdudu wa TB aliyakanyaga maeneo ya ziwa lile lile la wachimba dhahabu wetu.

Sasa silika. Punje kubwa za vumbi zinanaswa puani na kooni. Zinazoumiza ni zile ndogo mno, wembamba wake ni sehemu ya kumi ya unywele au chini ya hapo, hazionekani hewani kwa macho ya kawaida. Hizo zinashuka mpaka kwenye vifuko. Seli mlaji anakuja, anaimeza punje kama alivyofundishwa. Lakini jiwe halisagiki. Kemikali zake hazilifanyi kitu, na punje inautoboa ule mfuko wa kemikali ndani ya seli, seli inajiunguza yenyewe na kufa. Punje inatoka nzima, inamezwa na seli nyingine, nayo inakufa. Kila seli inayokufa inapiga kelele ya kuita msaada, wengine wanakuja, na mwili unajaribu kufunga jeraha kwa kulifanyia kovu. Kovu juu ya kovu. Fundi mwenzangu atanielewa nikisema ni kama kutia viraka kwenye shifoni mpaka nguo nzima inakuwa ngumu. Pafu linakuwa gumu, halitanuki, na mtu anakata pumzi. Ugonjwa huu unaitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaendelea hata mtu akiacha kuchimba, kwa sababu punje hazitoki.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalovunja nyumba. Seli mlaji ndiye huyo huyo anayepambana na mdudu wa TB. Akishakufa au kulemazwa na silika, mdudu anapata nyumba bila kodi. Mchimbaji mwenye silika kifuani anashikwa na TB kirahisi kuliko mtu mwingine, na akiwa na virusi vya UKIMWI, vinavyozishambulia seli nyeupe zenyewe, hatari inazidi mara nyingi. TB, tofauti na silikosisi, anakuja nayo nyumbani. Inakaa chumbani, inapita kwenye pumzi, inamfikia mke na mtoto mchanga.

Haya si mambo mapya. Mwaka 1556 kilichapishwa kitabu cha Georgius Agricola, Mjerumani, juu ya uchimbaji madini. Anaeleza humo kwamba kwenye machimbo ya milima ya Carpathia walikuwepo wanawake walioolewa na waume saba, mmoja baada ya mwingine, wote wakiuawa na vumbi. Nilipolisoma hili kwa mara ya kwanza nilifunga simu nikakaa kimya. Waume saba. Eda baada ya eda, kwa hesabu zetu sisi.

Afrika Kusini walilijua kwa njia ya uchungu. Mashine za kutoboa mwamba zilipoingia kwenye migodi ya Johannesburg mwishoni mwa karne ya 19, vumbi likawa jingi kuliko wakati wa nyundo. Baada ya vita vya Makaburu, hesabu ilionyesha kuwa kati ya watobozi 1,377 waliokuwa wakifanya kazi kabla ya vita, 225 walikuwa wamekwishakufa kufikia mwanzo wa 1902. Hao ni Wazungu waliohesabiwa. Waafrika hawakupata hesabu ya namna hiyo. Ikaundwa tume, zikaja sheria, na dawa kubwa iliyopatikana ilikuwa maji: tobozo linapitishiwa maji, mwamba unalowanishwa kabla ya kuvunjwa. Vijana wa kusini mwa Tanganyika walipelekwa kwenye migodi ile kupitia WENELA, mpaka serikali yetu ilipokata njia hiyo baada ya uhuru. Wapo waliorudi na baiskeli na redio, na kifua kilichokwisha.

Na kwetu je? Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliopima hewa ya machimbo madogo ya dhahabu Tanzania. Chini ya ardhi, silika ilizidi mara 300 na zaidi kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa afya kazini wa Marekani. Juu ya ardhi ilikuwa karibu mara 4. Mtu atasema, mara 4 si kitu mbele ya 300. Lakini juu ya ardhi ndipo walipo wanawake. Katika machimbo ya Geita na Kahama wanawake wengi hawashuki kwenye duara, wanakaa kwenye mawe wakiponda kwa nyundo, mtoto mgongoni kwenye kanga, pua yake karibu na bega la mama. Wengine wanapika chakula pembeni ya karasha. Hakuna anayewahesabu kama wachimbaji.

Mambo mazuri pia yapo, na nchi yetu ina sehemu yake ya heshima. Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, palifunguliwa hospitali ya kifua kikuu mwaka 1926, na mpaka leo inahudumia magonjwa hayo, wakiwemo wachimbaji. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia ambaye mwenyewe aliugua TB wakati wa vita vya Hitler. Walichofanya kilikuwa rahisi: pima makohozi kwa darubini katika kila wilaya, mpe mgonjwa dawa za muda mfupi mbele ya macho ya mtu, andika jina lake daftarini mpaka apone. Kiliwezekana katika nchi maskini, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likakichukua na kukipeleka dunia nzima. Styblo alijifunza mengi hapa kwetu, kutoka kwa wahudumu wa afya waliokuwa wakipanda baiskeli.

Dada yangu unayeolewa na mchimbaji, au mwenye mgodi, au fundi wa karasha, mimi sikuambii umkatae. Rizki ya halali ni rizki. Ila katika zile siku za kuulizana, pamoja na gramu za dhahabu, uliza miaka mingapi ameshuka chini na kama amewahi kupigwa picha ya kifua. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au kukata pumzi kwenye kazi aliyokuwa akiiweza, apelekwe hospitali, na aseme wazi kuwa anafanya kazi ya mwamba, maana daktari asipojua hilo anaweza kutibu TB peke yake na silika ikabaki bila kutajwa. Vipimo na dawa za TB katika vituo vya serikali ni bure, bara na Zanzibar. Dawa za kawaida ni miezi 6, na mgonjwa akizimeza zote kama alivyoelekezwa anapona.

Nguo za kazi zisiingie chumbani. Akung'ute nje, na bora zaidi zilowekwe kabla ya kufuliwa, kwa sababu anayekung'uta suruali ya mgodini anavuta vumbi lile lile bila kulipwa. Kitambaa cha kawaida puani, hata kilemba kizuri nilichokishona mimi, kinazuia vumbi unaloliona na kuliachia lile usiloliona. Barakoa nzito za kichujio ndizo zinazosaidia, zikikaa sawasawa usoni. Lakini watu wa Johannesburg walikwishaonyesha kinachoshinda barakoa: maji. Wanawake wanaoponda mawe wakiyamwagia maji kwanza, na karasha likisaga tope badala ya unga mkavu, vumbi linapungua papo hapo. Tabu ni kwamba kiangazi cha Geita na Kahama maji yenyewe yananunuliwa kwa dumu, na mwenye karasha anayapigia hesabu kabla ya kuuhesabu mgongo wenye mtoto.